Riziki ya Mlangoni

Mnamo tarehe 13 Machi 2020, wakuu wa mpira wa Uingereza walipotangaza kwamba mechi zote zimesimamishwa kwa ajili ya maradhi ya korona, watu wengi wanaoufuata mchezo huo kwa mbali, nasi wa Afrika ya Mashariki tumo miongoni mwao, waliona kuwa kilichoondoka ni furaha ya Jumamosi. Lakini katika miji midogo kama Accrington, Carlisle na Macclesfield, ambako klabu ya mpira hurithiwa na mtoto kutoka kwa baba yake na babu yake, mtunza hazina aliyefungua daftari lake jioni ile aliona kadhia nyingine kabisa, nayo ni kwamba riziki iliyokuwa ikiingia kwa mlango wa uwanja imekatika, ilhali mishahara, umeme, kodi na madeni vyaendelea kudai haki yao kila mwezi. Namna klabu hizo zilivyovuka zaidi ya mwaka mzima karibu bila watazamaji viwanjani ni jambo linalostahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa lilifichua habari ambayo miaka ya neema ilikuwa imeifunika: kwamba klabu kubwa na klabu ndogo, ingawa zacheza mchezo mmoja kwa sheria moja, hazipati riziki yao pahali pamoja.

Fedha za klabu ya mpira hutoka katika mafungu matatu, nayo ni kiingilio pamoja na vyote vinavyouzwa siku ya mechi, haki za matangazo ya televisheni, na wadhamini wanaolipa ili majina yao yasomwe kifuani mwa wachezaji. Katika Ligi Kuu ya Uingereza kabla ya maradhi, fungu la siku ya mechi lilikuwa takriban asilimia 13 tu ya mapato yote, kwa maana televisheni peke yake ilileta zaidi ya nusu. Huko Uskoti, nchi jirani yenye wapenzi wa mpira wasiopungua kwa hamasa ila walio wachache kwa idadi, mapato ya mlangoni yalikuwa zaidi ya asilimia 40 ya fedha za klabu za ligi kuu yao. Na kila mtu ashukapo daraja baada ya daraja huona televisheni inafifia na mlango unazidi kuwa tegemeo. Kwa hivyo amri moja ya kufunga viwanja, iliyotolewa kwa wote kwa usawa, haikuwaangukia wote kwa usawa: aliye juu alipunguza anasa, na aliye chini alinyang'anywa chakula.

Tena, fedha ya mlangoni ina tabia yake ambayo asiyewahi kushika hesabu za klabu huenda asiitambue. Kwanza, huja taslimu na huja kila baada ya wiki mbili, ikalipa papo hapo waosha jezi, walinzi wa malango, wauza pai za nyama na dereva wa basi la wachezaji. Pili, sehemu yake kubwa huja mapema, kwa sababu tiketi za msimu huuzwa wakati wa kiangazi, miezi ambayo mpira umelala na hakuna kingine kinachoingia, na hivyo klabu huwa imekopa kwa wapenzi wake na kuahidi kuwalipa kwa mechi zijazo. Na mwaka ule wa 2020, ambapo hapakuwa na kiongozi awezaye kuapa kwamba milango itafunguliwa mwezi fulani, ahadi hiyo haikuwa rahisi kuuzwa. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kiti kisichokaliwa Jumamosi hakiwezi kuuzwa Jumatatu. Klabu ilikuwa katika hali ya jahazi lililokosa upepo wa kaskazi, likabaki bandarini mwaka mzima na mabaharia wake wote ndani yake, nao wanakula.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo laeleza msiba huu vizuri kuliko maneno mengi. Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa asilimia 80 ya mshahara wa kila mfanyakazi aliyewekwa nyumbani, isipite pauni 2,500 kwa mwezi, na klabu za madaraja ya chini zikawaweka wachezaji wao katika mpango huo. Lakini masharti yake yalikuwa kwamba mtu alipwaye namna hiyo asifanye kazi. Maadamu mchezaji yu nyumbani, serikali yamlipa, na siku akiingia uwanjani, mzigo warudi kwa klabu yake. Fauka ya hayo, mechi bila watazamaji zilihitaji kupimwa kwa wachezaji mara kwa mara, jambo lenye gharama. Basi viongozi wa klabu za daraja la tatu na la nne walipopiga hesabu zao wakaona kuwa kucheza ni hasara kubwa kuliko kutocheza, na tarehe 9 Juni 2020 wakapiga kura ya kuukata msimu na kuzipanga timu kwa wastani wa pointi kwa kila mechi iliyokwisha chezwa. Siku nane baadaye, tarehe 17 Juni, Ligi Kuu ilirudi uwanjani kwa mechi ya Aston Villa na Sheffield United, katika uwanja mtupu, kwa sababu huko juu hesabu ilikuwa kinyume: kutocheza kungewalazimu kurudisha mamia ya milioni ya pauni kwa makampuni ya televisheni.

Hata hivyo, haifai kuyatwika maradhi lawama yote. Klabu nyingi zilikuwa zimekwisha dhoofu kabla ya siku ya kwanza ya msiba, kwa sababu wenye mali waliozinunua waliendesha mishahara juu kuliko mapato kwa tamaa ya kupanda daraja. Mwezi Agosti 2019, wakati viwanja vikingali vinajaa watu, klabu ya Bury, iliyokuwa mwanachama wa ligi tangu mwaka 1894 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa ligini kwa kuwa mmiliki wake hakuweza kuthibitisha kwamba anazo fedha za kuiendesha. Macclesfield Town, iliyoasisiwa mwaka 1874, ilifutwa kwa amri ya mahakama tarehe 16 Septemba 2020 ikiwa na deni la zaidi ya pauni nusu milioni, kiasi ambacho mchezaji mmoja wa klabu kubwa hukipata kwa majuma machache. Ama Wigan Athletic, mabingwa wa Kombe la FA wa mwaka 2013, ilikabidhiwa wasimamizi wa mufilisi tarehe 1 Julai 2020, haujatimia hata mwezi tangu inunuliwe na wenyewe wapya. Wachezaji wake, ambao mishahara yao ilikuwa imesitishwa sehemu, waliishinda Hull City mabao 8 kwa 0 mbele ya viti vitupu, na bado timu ikashuka daraja kwa kunyang'anywa pointi 12. Wapenzi wa mji huo walichangishana zaidi ya nusu milioni ya pauni ili klabu isife kabla ya kupata mnunuzi, na hilo peke yake lawajulisha wasomaji ni nani aliyekuwa mwenye klabu kwa hakika.

Serikali ilikuwa imekusudia kuwarudisha watazamaji kwa kiasi tarehe 1 Oktoba 2020, na klabu zikaweka alama za kupeana nafasi, zikapanga viti, zikaajiri walinzi. Lakini tarehe 22 Septemba ahadi hiyo iliondolewa kwa kuwa maradhi yalikuwa yanapanda tena. Rick Parry, mwenyekiti wa ligi inayokusanya klabu 72 zilizo chini ya Ligi Kuu, alikuwa amekwisha eleza kwamba klabu zake zilipoteza pauni milioni 50 msimu uliopita na zingepoteza milioni 200 nyingine iwapo milango itafungwa msimu mzima. Ndipo ulipotokea mwezi wa Oktoba mpango uliosukumwa na Liverpool na Manchester United, ambao ulitoa pauni milioni 250 kwa mara moja na robo ya mapato ya baadaye kwa klabu za chini, lakini kwa sharti kwamba kauli ya mwisho katika mambo makubwa ya Ligi Kuu iwe mikononi mwa klabu chache kubwa. Klabu za ligi hiyo zikaukataa katika siku chache, na mimi naona zilifanya haki, kwa maana mwenye njaa akiombwa auze kura yake kwa chakula, huo si msaada. Lakini kukataa hakukujaza tumbo la mtu, na miezi ilipita. Mapatano yalifikiwa tarehe 3 Desemba: pauni milioni 50 za ruzuku kwa klabu za daraja la tatu na la nne, na mkopo wa hadi milioni 200 kwa zile za daraja la pili.

Kiasi hicho kilitosha kuzuia vifo vingi vilivyokuwa vikitabiriwa, na hapana budi kukishukuru. Lakini msomaji azingatie kwamba zilipita takriban miezi tisa kati ya kufungwa kwa milango na kufikiwa kwa mapatano hayo, na kwamba katika miezi hiyo klabu 72, nyingi kati yake zilizomlea mchezaji ambaye baadaye aliuzwa kwa mamilioni huko juu, zilisimama kama waombaji katika mlango wa jamaa yao tajiri. Fedha za televisheni zingekuwa zinagawanywa kwa uadilifu zaidi tangu hapo, kila klabu ndogo ingekuwa na akiba ya kuvukia, wala pasingehitajika mazungumzo ya usiku na mchana juu ya sadaka.

Klabu zenyewe nazo zilijaribu kujifunga mkaja. Mwezi Agosti 2020 zile za daraja la tatu na la nne zilipitisha kanuni ya kuweka mpaka wa mishahara, pauni milioni 2.5 kwa mwaka kwa kila klabu ya daraja la tatu na milioni 1.5 kwa ya daraja la nne. Chama cha wachezaji kikashitaki kuwa hakikushauriwa ipasavyo, na Februari 2021 kanuni ikabatilishwa. Rai yangu ni kwamba wachezaji walikuwa na haki katika utaratibu, na klabu zilikuwa na haki katika maana, kwani mchezaji wa madaraja hayo si tajiri na mkataba wake aghalabu ni wa mwaka mmoja au miwili, lakini klabu ikifa hakuna mkataba wa mtu yeyote unaosalimika.

Chini zaidi, katika daraja la tano, mambo yalikuwa machungu kuliko yote. Ligi hiyo iliufungua msimu wa 2020/21 baada ya kupata pauni milioni 10 za ruzuku kwa njia ya bahati nasibu ya taifa, na hizo zilipokwisha, klabu zikaambiwa kwamba msaada utakaofuata utakuwa mkopo. Dover Athletic, klabu ya mji wa bandari unaoelekeana na Ufaransa, ilisema waziwazi kuwa haitachukua deni ambalo haioni njia ya kulilipa, ikaacha kucheza. Matokeo yake yakafutwa, ikatozwa faini ya pauni 40,000, na msimu uliofuata ikaanza ikiwa imepunguziwa pointi 12. Ziko klabu ambazo zilikopa kwa kutojali zikasifiwa kwa ushujaa wa kucheza, na hii iliyopima uwezo wake ikasema hapana ndiyo iliyoadhibiwa. Hukumu hiyo mimi nimeiona kuwa ni dhuluma, hata kama sheria za mashindano ziliiruhusu.

Sasa tuje kwa wapenzi wa mpira wenyewe, maana hapo ndipo ilipo habari njema ya mwaka ule. Klabu zilipouza mechi zao kwa njia ya intaneti kwa pauni 10, watu walinunua, na wengi waliokuwa na tiketi za msimu walikataa kurudishiwa fedha zao. Tarehe 10 Januari 2021, Marine, wakati huo klabu ya daraja la nane, iliyo Crosby karibu na Liverpool, yenye uwanja usioweza kuingiza hata watu 4,000, iliwapokea Tottenham Hotspur katika Kombe la FA. Siku ambayo katika mwaka wa kawaida ingelipa masurufu ya misimu kadhaa iliangukia katika uwanja mtupu. Viongozi wake wakauza tiketi za mechi ambayo mnunuzi hataingia, pauni 10 kila moja, na zaidi ya 30,000 zikanunuliwa, moja yao na José Mourinho, mwalimu wa wapinzani wao. Marine ilifungwa mabao 5 kwa 0, na hazina yake haikuwa imepata kujaa namna hiyo. Ujerumani nako, Lokomotive Leipzig, klabu ya daraja la nne yenye historia kubwa ya zamani, iliuza kwa euro moja moja zaidi ya tiketi 180,000 za mechi dhidi ya mpinzani asiyekuwapo. Na wapenzi wa Borussia Mönchengladbach walilipa euro 19 kila mmoja ili picha yake ya kadibodi ikae katika kiti chake, wakafika maelfu.

Ukarimu wa namna hii wagusa moyo, lakini hauwezi kufanywa kila mwezi. Jambo lenye kudumu zaidi lilionekana Edinburgh. Klabu ya Hearts ilikaribia kufa mwaka 2013, na wapenzi wake wakajikusanya katika taasisi ambayo maelfu ya watu huilipa kiasi kidogo kila mwezi kwa njia ya benki, wawe wamekwenda uwanjani au hawakwenda. Maradhi yalipofika, timu ilikuwa ya mwisho katika ligi, ikashushwa daraja kwa msimu uliokatizwa kabla ya kwisha, milango ikafungwa, na bado michango ile iliendelea kuingia kila mwezi. Na Agosti 2021, baada ya kutoa jumla ya zaidi ya pauni milioni 10, taasisi hiyo ya wapenzi ikapokea sehemu kubwa ya hisa na kuwa mwenye klabu. Fedha ya mtu mmoja mmoja ilikuwa ndogo, lakini haikuwa fedha ya mlangoni, na kwa hiyo kufungwa kwa mlango hakukuikata.

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba klabu kuwa mali ya wanachama kwatosha kuiokoa. Schalke 04 ya Ujerumani ni ya wanachama wake, nao ni wengi mno, na uwanja wake huchukua zaidi ya watu 60,000. Lakini viongozi wake walikuwa wametumia kana kwamba mapato ya mashindano ya Ulaya ni ya milele, madeni yakafika mamia ya milioni ya euro, ikabidi serikali ya jimbo iiwekee dhamana ya mkopo, na Aprili 2021 ikashuka daraja baada ya miaka 30. Barcelona vilevile ni ya wanachama, na uwanja wake wa karibu viti 100,000 pamoja na jumba la makumbusho ulikuwa chemchemi ya fedha za watalii. Chemchemi ilipokauka, deni likadhihirika kuwa zaidi ya euro bilioni moja, na Agosti 2021 Lionel Messi akaondoka akilia. Uanachama bila ya kukagua hesabu ni jina tu.

Watazamaji walirudi Uingereza kwa ukamilifu Agosti 2021, na wengi wakadhani kuwa shari imepita. Mwezi uliofuata Derby County, mojawapo ya klabu 12 zilizoiasisi ligi mwaka 1888, ilikabidhiwa wasimamizi wa mufilisi, kwa kuwa madeni huja kudaiwa baada ya dharura kwisha, wakati ambapo huruma ya watu imekwisha hamia kwingine. Novemba mwaka huohuo, uchunguzi ulioongozwa na mbunge Tracey Crouch ulipendekeza kuwapo msimamizi huru wa mpira atakayechungulia mahesabu ya klabu, na sheria yake ikapatikana mwaka 2025.

Kwetu Afrika ya Mashariki msiba ulikuwa na sura yake. Ligi ya Tanzania Bara ilisimama Machi 2020 ikarudi Juni, na watazamaji wakaruhusiwa, kwa hivyo klabu zetu za Bara hazikuonja ukali wa viti vitupu kama wenzao. Kenya ilikuwa mbali na hapo: Gor Mahia na AFC Leopards walikuwa wamekwisha mpoteza mdhamini wao SportPesa mwaka 2019 katika mgogoro wa kampuni hiyo na serikali juu ya kodi, ligi ikakatizwa Aprili 2020, na iliporudi Novemba ilirudi bila watu. Kampuni hiyo hiyo iliwahi kuandikwa kifuani mwa Everton wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao mwaka 2017 walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Ilipoondoka, Everton hawakutetereka kwa kuwa wana televisheni, na Gor Mahia walibaki na mlango peke yake, kisha nao ukafungwa. Tanzania ilipata mwaka 2021 mkataba wa televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na huo ni mwanzo wa kheri, ikiwa fungu la klabu za mikoani halitakuwa makombo.

Nawasihi basi wanachama wa klabu zetu, za Msimbazi na Jangwani, za Mombasa na Kisumu, na zile za mitaani zisizoandikwa magazetini: lipeni ada zenu kila mwezi hata timu ikifungwa, na mkutano mkuu ukifika, msikubali kuinuka vitini kabla ya mtunza hazina kusoma hesabu yote, neno kwa neno, ya kilichoingia, kilichotoka, na kinachodaiwa.